Rangi ya Kucha Chini ya Gari

Mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu, alifundisha miaka thelathini na sita, na miaka yote hiyo aliwaambia watoto wa watu waache kukimbia kwenye korido. Siku alipostaafu alinunua gari la spoti. Lilikuwa la manjano, la milango miwili, na viti vyake vya nyuma hata paka angevikataa. Majirani walisema yao. Yeye aliwaacha waseme, maana hakuna aliyemwomba lifti.

Jumanne moja asubuhi alilileta kwenye gereji ya Mzee Robo, rula ya chuma mkononi.

"Nataka lishuke sentimita tatu," alisema. "Si mbili, si nne. Na nikikata kona lisilale upande kama mlevi."

Aliyempokea alikuwa Fundi, binti wa Mzee Robo, mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye sasa ndiye aliyeiendesha gereji. Alifungua buti akakuta vifaa vyote vimo: springi nne fupi na ngumu, na stabilaiza mbili nene, yaani zile fimbo za chuma zinazofunga gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiegemee likikata kona. Walipima pamoja, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Mwalimu aliandika namba, akazipigia mstari, akaziangalia tena kana kwamba zingeweza kudanganya.

"Saa kumi jioni narudi," alisema. "Nani atalifanya?"

"Baba," alijibu Fundi, kisha akaongeza haraka, "pamoja na mimi."

Mzee Robo alikuwa ameshatoka ofisini. Umri wake ulikuwa miaka sitini na tisa, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Jina la Robo alipewa zamani, kwa sababu kila fundi mdogo aliyepita mikononi mwake alisikia neno hilo mpaka akaliota: ongeza robo ya mzunguko, rudisha robo, umezidisha kwa robo. Katika mfuko wa kifuani alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva.

Hicho kichupa kina maelezo yake, na afadhali tuyatoe mapema. Ukuta wa gereji ndio huohuo ukuta wa saluni ya Mama, mke wa Mzee Robo, na kwa miaka mingi rangi zilizobaki chini ya vichupa zilivuka upande wa pili. Kila bolti iliyokazwa sawasawa ilichorwa mstari mmoja wa rangi, unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye chuma kilichoishika. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na mtu anaona bila kugusa. Nyekundu ilikuwa ya Mzee, nyeupe ya binti yake. Sheria ilikuwa moja tu: aliyekaza ndiye anayechora, na aliyechora ndiye anayeulizwa.

Wengine huweka sahihi kwenye karatasi. Hawa waliiweka chini ya gari, mahali ambapo mwenye gari hatainama kuiona maisha yake yote.

Sasa kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu hakulijua. Miezi sita iliyopita Mzee Robo alikuwa amekwenda dukani kununua sabuni akarudi saa tatu baadaye, mikono mitupu, akiwa amesindikizwa na mwuza magazeti. Daktari alipima, akauliza maswali mepesi, na Mzee akayakosa matatu. Ni ugonjwa wa kusahau, daktari alisema, na unakwenda polepole, lakini haurudi nyuma.

Mama alilia upande wake wa ukuta. Mzee hakulia. Alimwita binti yake ofisini, akafunga mlango, akaweka kiganja chake juu ya meza ya kazi kando ya jiliwa, kile chuma cha kubania.

"Siku nitakapokosea bolti ya gari la mtu," alisema, "uniambie. Usinifunike."

"Baba, hilo..."

"Subiri nimalize. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, sivyo? Basi na anayechelea mzazi kulia ni vilevile. Siku hiyo utaniambia, na mimi nitavua ovaroli nikae nyumbani. Apa."

Fundi aliapa. Alijua kukaa nyumbani maana yake nini. Baba yake hakuwa na bustani wala bao, na taarifa ya habari aliizima katikati. Jumapili, siku pekee ambayo gereji ilifungwa, alizunguka nyumbani akijaribu bawaba za milango mpaka Mama akamtishia kwa mwiko. Mtu kama huyo ukimvua ovaroli humpumzishi. Unamwondolea kitu pekee ambacho bado kilikuwa kinamkumbuka yeye.

Kwa hiyo tangu siku ile Fundi alifanya kazi na jicho moja. Lile jingine lilikuwa kwa baba yake.

Asubuhi ile mambo yalikwenda vizuri mno. Waliliinua gari juu ya stendi nne, wakang'oa magurudumu, na Mzee akashuka kwenye shokapu ya kwanza kama mtu anayerudi kwenye chumba chake. Alifunga kibana springi, akakaza kulia, akakaza kushoto, zamu kwa zamu, mpaka springi ya zamani ikajikunyata na kuacha kusukuma. Alimwonya binti yake asimame pembeni, kama alivyomwonya mara elfu, kwamba springi iliyobanwa haina shukrani. Aliitoa, akaweka ile fupi, akazungusha kitako chake mpaka ncha ya springi ikaketi kwenye kidato chake. Mkono wake wa kulia ulitetemeka njiani, lakini ulipofika kwenye chuma ulitulia. Alikata na vile vizuizi vya mpira vya ndani kwa kisu, kwa kuwa gari likishuka hivyo navyo hufupishwa, na hilo hakukumbushwa na mtu.

"Huyu Mwalimu wako," alisema akiwa ameinama, "alinifundisha nini mimi?"

"Hakukufundisha wewe, Baba. Alimfundisha kaka."

"Ndiyo maana kaka yako hajui kuhesabu."

Fundi alicheka, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tatizo lilianza na stabilaiza ya mbele. Ile mpya ilikuwa nene kuliko ya zamani, na bushi za mpira zilizoletwa kuishika zilikuwa za saizi nyembamba. Haikuingia hata kwa kubembelezwa. Ilibidi mtu aende kwenye duka la spea kuzibadilisha. Fundi alisita. Alimtazama baba yake aliyekuwa akirudisha mkono wa chini wa gurudumu la nyuma, ule unaobeba springi, akiingiza bolti zake kwa vidole tu.

"Nakwenda na kurudi," alisema. "Wewe shikiza tu, Baba. Tutakaza wote."

"Nenda bwana. Nilikuwa nashikiza bolti kabla hujaota jino."

Foleni ya duka la spea ilimla dakika arobaini. Aliporudi, gari lilikuwa bado juu ya stendi, miguu yake minne ikining'inia hewani, na Mzee Robo alikuwa ameketi kwenye kreti akifunga kichupa chake cha rangi.

"Nimemaliza mikono yote," alisema. "Bolti nane. Imebaki hiyo fimbo yako tu."

Fundi aliinama akaona. Kila bolti ya kila mkono ilikuwa na mstari wake mwekundu, umepinda kidogo na kutetemeka, na rangi bado mbichi. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili baba yake asimwone uso.

Bushi ni mpira ulioshikwa na bolti katikati. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unashika katika hali ile ya kuning'inia, na gari likishuka chini mpira unajinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. Gari la kawaida linavumilia kwa muda. Lililoshushwa linanyongwa zaidi. Bushi zitapiga kelele, kisha zitachanika kabla mwaka haujaisha, na gari halitakaa hata kwenye kimo chake. Ndiyo sababu gari hushushwa kwanza, lisimame kwa uzito wake lenyewe, ndipo bolti zikazwe. Somo hili Fundi alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyempa ndiye huyu aliyekaa kwenye kreti. Alikuwa na msemo wake: mguu unaoning'inia haukazwi. Aliusema mara nyingi kuliko alivyowahi kusema nakupenda, na kwake yeye tofauti ilikuwa ndogo.

Mikono yake ilikuwa imekumbuka kila kitu. Kilichopotea ni mpangilio, nini kwanza na nini baadaye.

"Umenyamaza," alisema Mzee.

Hapo ndipo kiapo kilipotakiwa kutoka. Fundi alifungua mdomo. Aliiona ile ovaroli ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumbani, na baba yake akiipita kila siku kuelekea kwenye kiti kisicho na kazi.

"Nimechoka na foleni," alisema. "Kazi safi, Baba. Twende tukale."

Baada ya chakula Mzee Robo alilala kwenye benchi la ofisini, kama kawaida yake, mikono kifuani juu ya kichupa. Usingizi wake wa mchana ulikuwa wa saa moja na nusu, na Fundi aliutumia wote. Alifunga stabilaiza mbili peke yake. Alirudisha magurudumu, akashusha gari, akalisukuma mpaka juu ya shimo la gereji. Alichukua rula. Lilikuwa limeshuka sentimita mbili tu, na nyuma hata mbili hazikutimia. Mpira ulikuwa umelishikilia, kama mtu aliyeambiwa kaa akabaki amechuchumaa.

Alishuka shimoni na spana. Bolti ya kwanza alipoilegeza, mstari mwekundu ulikatika katikati, na bushi ikatoa mlio mdogo wa kuachiliwa. Ya pili, ya tatu. Kwa kila moja gari lilijishusha kidogo juu ya kichwa chake. Ilipolia ya nane aliketi kwenye ngazi ya shimo akajifuta macho kwa sehemu ya mkono isiyo na grisi, kisha akasimama na spana ya kipimo akazikaza upya zote, moja baada ya nyingine, safari hii gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Ikabaki mistari. Kwa sheria ya nyumba, aliyekaza ndiye anayechora, kwa hiyo mistari ilitakiwa kuwa myeupe. Lakini mistari myeupe ingesema yote. Na kichupa chekundu kilikuwa kifuani mwa mwenyewe.

Alipita mlango wa nyuma akaingia saluni. Mama alikuwa akimsuka mteja, kitana kimebanwa mdomoni.

"Mama, naomba ile nyekundu. Ya Baba."

Mama alitoa kitana mdomoni. Alimtazama binti yake, akatazama grisi, akatazama macho yaliyovimba. Alivuta droo akampa kichupa, kisha akaanza kucheka taratibu, peke yake, mabega yakitikisika.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema.

"Una maana gani?"

"Nenda kachore, mama. Mteja wangu ana haraka."

Fundi alirudi shimoni bila kuelewa. Alifuta rangi ya zamani, akachora upya mistari minane kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akishika pumzi kila brashi ilipogusa chuma. Alipopima tena, pembe zote nne zilisema sentimita tatu. Alikirudisha kichupa saluni, akanawa, na Mzee alipoamka alimkuta akipanga spana.

Saa kumi kasoro Mwalimu alifika na rula yake. Ilikuwa desturi kwamba kabla gari halijatoka, aliyechora mistari hushuka shimoni na tochi kuikagua kwa mara ya mwisho. Fundi aliisahau desturi hiyo. Au tuseme ukweli, hakuisahau. Alitumaini atakayesahau ni mwingine.

"Tochi," alisema Mzee Robo, na kunyoosha mkono.

Alishuka. Mwalimu alizunguka gari akilisifu, akauliza kama stabilaiza hupakwa mafuta, na Fundi akajibu kwamba ni bushi zake tu ndizo hupakwa grisi, huku masikio yake yote yakiwa chini. Dakika tatu zilipita, kisha tano. Mwanga wa tochi uliacha kutembea.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Chini ya shimo baba yake alikuwa amesimama mbele ya bolti ya mkono wa nyuma, tochi ameisogeza karibu kama anayesoma barua.

"Nani kachora huu?" aliuliza bila kugeuka.

"Wewe, Baba."

"Mimi?"

"Rangi ni yako."

"Rangi ni yangu," alikubali. "Lakini mkono wangu haujanyoosha mstari tangu mwaka juzi. Huu umenyooka kuliko rula ya yule mama hapo juu."

Kwa hofu ya kukosea Fundi alikuwa amechora vizuri mno, mistari minane kama askari.

Mzee alizima tochi. Katika giza lile jepesi la shimoni Fundi akamwona akiirudia asubuhi nzima akilini, hatua kwa hatua, akitafuta kosa. Alipolipata, mabega yake yalishuka.

"Lilikuwa bado linaning'inia," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Zote nane?"

"Zote."

Alitikisa kichwa. Kisha mkono wake ulipanda kifuani na kuanza kufungua kifungo cha juu cha ovaroli. Kifungo kikateleza, akakitafuta tena. Kilipofunguka alienda kwenye cha pili. Fundi alikishika kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Niliapa uongo," alisema. "Sikuweza, Baba. Nilijua kabisa ninachofanya. Nikasirikie mimi, lakini usivue."

Mzee Robo alimtazama. Kisha, jambo ambalo Fundi hakulitegemea hata kidogo, aliketi kwenye ngazi ya shimo akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, kicheko kilekile cha upande wa pili wa ukuta.

"Unakumbuka pikapu ya mwuza magodoro?" aliuliza.

"Kazi yangu ya kwanza. Nitaisahau vipi? Nilikaza bolti zote mwenyewe."

"Ulikaza. Nusu ulizidisha, nusu ulipunguza, na mbili hukuzigusa kabisa. Ulipokwenda masomo ya jioni nilishuka hapa nikazirudia zote. Siku hiyo, na kesho yake. Miaka miwili, mama. Karibu kila gari."

Fundi aliketi karibu naye, kwenye ngazi hiyohiyo nyembamba.

"Lakini mistari ilikuwa yangu. Asubuhi nilikuwa naikuta. Myeupe, na... na mbaya."

"Mstari wako ulikuwa unapinda mwishoni kama mkia wa mjusi. Ilinichukua jioni tatu kuujifunza. Nilifanya mazoezi nyuma ya kalenda, na mama yako akadhani nimerukwa na akili. Ndiye aliyekuwa akinipa nyeupe." Alinyoosha kidole kwenye bolti ile yenye mstari ulionyooka. "Wewe hukujisumbua kujifunza wangu. Hapo ndipo ulipokosea."

"Kwa nini hukuniambia?"

Jibu la hilo Mzee hakulitafuta. Lilikuwepo, mahali ambapo ugonjwa ulikuwa haujafika.

"Kwa sababu ungevua ovaroli."

Fundi aliinamisha kichwa begani kwake. Ovaroli ilinuka sabuni na grisi, kama ilivyonuka alipokuwa mdogo akibebwa ndani yake amelala. Alilia bila kujificha, na baba yake akamwachia bega.

Juu yao visigino vya Mwalimu vilizunguka gari, kikasikika na kijisauti cha chuma kikigusa madigadi, pembe moja baada ya nyingine.

"Tatu!" alitangaza. "Pembe zote, tatu kamili. Mzee Robo, hongera."

"Ahsante, Mwalimu," Mzee alijibu kuelekea juu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mimi nitakuwa nakaza, na wewe unapita nyuma yangu. Kila bolti. Nikisahau kwamba tumekubaliana hivi, pita tu, usinikumbushe."

"Sawa, Baba."

"Na mstari uupinde kidogo."

"Nitajifunza."

Mzee alikuwa akihangaika na kifungo chake, safari hii kukirudisha, na vidole vilikuwa vinamkatalia. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akamgeuza baba yake kuelekea kwenye mwanga, akamfungia.